Shamba Huuzwa Januari: Mwongozo Kamili wa Wakulima na Wakazi wa Mjini Kulinda Mashamba ya Pembezoni mwa Dodoma

Ukitaka kujua ni lini mashamba ya kando ya jiji hugeuka viwanja, itazame Januari. Mvua imeanza Desemba, mbegu iko ardhini, palizi inadai vibarua, shule zimefunguliwa na mtoto anadaiwa sare na daftari, na ghalani yamebaki madebe machache ya mtama ya kufikishia Mei. Hapo ndipo dalali anapoingia uani na pikipiki yake, fedha taslimu mfukoni. Ekari inauzwa kwa haraka, kwa bei ya shida, na mnunuzi anaikata viwanja kabla jirani hajajua.

Mwongozo huu ni wa watu wa pande mbili: mkulima wa Zuzu, Nala, Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu au Kikombo, na mkazi wa Kisasa, Ilazo, Area D au Iyumbu anayekula kinacholimwa huko. Ushauri wangu unakwenda kinyume na desturi. Vikundi vingi huanza na mkutano mkubwa, posho na picha ya pamoja, na mambo yanaishia hapo. Anzeni na karatasi na hela ya Januari. Mkutano mkubwa mtauita mkiwa na cha kuonyesha.

Mambo yalivyo kwa sasa

Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa miongo minne mji ulikua taratibu kiasi kwamba mkulima wa Nala aliamini hautamfikia yeye. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia kweli, hesabu ikabadilika. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Ongeza reli ya kisasa na uwanja wa ndege wa Msalato. Shamba ambalo zamani lilifikiwa kwa miguu leo linatangazwa kwenye simu kuwa lipo "mita chache kutoka lami".

Na ardhi nzuri haina mbadala wa karibu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mashamba yanayotegemewa ni ya mabondeni, penye udongo unaoshika unyevu. Hayo hayo, kwa kuwa ni tambarare, ndiyo dalali anayoyakimbilia. (Anayejenga kwenye udongo wa mbuga ataona kuta zake zikipasuka baada ya misimu michache, lakini hilo halimo kwenye tangazo.)

Hatua ya kwanza: jueni mko kijijini au mtaani

Usiruke hatua hii. Watu wawili wanaolima kwa kutenganishwa na korongo moja wanaweza kuwa chini ya sheria mbili tofauti, na ushauri unaomfaa mmoja ukamponza mwenzake.

Kama shamba liko Wilaya ya Chamwino au Bahi, kwenye kijiji kilichosajiliwa, mnaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hapo mna nguvu kubwa. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Mnaweza kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, mkatenga eneo la kilimo, la malisho na la makazi, mkatunga sheria ndogo na kuipeleka ipitishwe na baraza la madiwani. Mkulima anaweza kupata hati ya haki miliki ya kimila. Na Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa matumizi mengine, eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji kibali cha mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakuwa wa Waziri. Mwenyekiti wa kijiji hauzi ardhi peke yake. Anayekuambia "nimeshamalizana na mwenyekiti" bado hajamaliza chochote.

Kama shamba liko ndani ya Jiji la Dodoma, mambo ni tofauti. Vijiji vingi vya zamani vimekuwa mitaa. Halmashauri ya kijiji haipo tena, hati mpya ya kimila haitolewi, na ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mauziano na kukujua kama mkazi. Muhuri wake haukupi umiliki. Hata hivyo msikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa hamna hati basi hamna haki. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba miliki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Shamba alilolima babu yako likaendelea kulimwa ni mali, hata kama mji umelifunika kwenye ramani.

Hatua ya pili: nendeni mkaone mchoro

Jiji lina Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039, na chini yake kuna michoro ya kina ya mipango miji ya eneo moja moja. Wanaokwenda kuuliza ni wachache. Wengi husubiri mpaka waone vijana wa kamba na vigingi wakisimika bikoni katikati ya uwele.

Nendeni watu watatu au wanne: mkulima mwenye shamba, mtendaji wa mtaa kama atakubali, na mkazi wa mjini aliyezoea ofisi. Hapa ndipo rafiki wa mjini anapoanza kuwa na kazi. Mzee anayefika kaunta peke yake akiulizia "ramani ya kwetu" anaweza kuzungushwa siku nzima. Mtumishi mwenzao anayejua kuandika barua, kuigonga muhuri wa kupokelewa na kubaki na nakala, anajibiwa. Chukueni alama za shamba kwa simu kabla ya kwenda, ili afisa mipango miji aweze kuwaonyesha mahali penyewe kwenye mchoro.

Ulizeni mambo manne na kuyaandika: eneo letu limepangiwa matumizi gani kwenye mpango kabambe; kuna mchoro wa kina uliokwisha kuidhinishwa; kuna zoezi la urasimishaji au upimaji linalokuja; na kuna ombi lolote la kubadili matumizi ya ardhi. Likiwa eneo limeandikwa kilimo, mmepata silaha. Likiwa limeandikwa makazi, bado halijajengwa, na mna muda wa kuomba sehemu ibaki ya kilimo au ya wazi wakati mchoro wa kina unaandaliwa. Mchoro ukishaidhinishwa, kuubadili ni mlima.

Wa upande wa kaskazini, Makutupora na jirani zake, mna hoja nyingine nzito. Visima vya Makutupora ndivyo chanzo kikuu cha zamani cha maji ya mji huu. Mashamba yanayosimamiwa vizuri juu ya maji hayo ni salama kuliko maelfu ya mashimo ya vyoo. Iandikeni hoja hiyo kwenye barua na nakala mpeleke kwa mamlaka ya maji na bodi ya maji ya bonde, wasije wakaisikia mara ya kwanza kwa diwani.

Hatua ya tatu: daftari la mashamba

Hii ni kazi ya wiki chache na haihitaji fedha nyingi. Nunueni daftari gumu, mlipige mistari, na kwa kila shamba andikeni: jina la mwenye shamba na mwenza wake, jinsi alivyolipata (kurithi, kupewa na kijiji, kununua), majirani wa pande nne, ukubwa, mazao, miti ya kudumu, na karatasi alizonazo. Kila mmoja asaini au aweke dole gumba, na majirani wawili washuhudie. Vijana wa Chuo cha Mipango au wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kuwachorea ramani nzuri kwa sababu ndiyo masomo yao. Waombeni kwa barua kupitia idara yao.

Daftari hili si hati. Faida yake ni kwamba siku ya mgogoro, au siku ya tathmini, mna maandishi yaliyotangulia ugomvi. Pia linafichua mambo mapema: ndugu wawili wanaodai korongo moja, mjane ambaye mashemeji wamekwisha kuuza nusu ya shamba lake, mpaka uliosogezwa na trekta. Yamalizeni hayo sasa, mbele ya wazee. Shamba lenye mgogoro wa kifamilia ndilo la kwanza kuuzwa, kwa sababu kila upande unataka kuwahi.

Hatua ya nne: hela ya Januari

Sasa kiini chenyewe. Mkulima anauza ardhi kwa sababu hana kingine cha kuuza mwezi huo. Wakazi wa mjini wananunua chakula kila mwezi. Kinachotakiwa ni kuisogeza hela yao nyuma, iwahi kabla ya dalali.

Utaratibu wa namna hii upo kwingine. Huko Ufaransa, mwaka 2001, familia ya wakulima karibu na mji wa Toulon waliokuwa wamebanwa na majengo walianza kulipwa na walaji mwanzoni mwa msimu, na mavuno yakagawanywa kila wiki. Mfumo ukaenea nchi nzima kwa jina la AMAP. Japani walianza mapema zaidi, miaka ya 1970. Ila kuunakili kama ulivyo hapa Dodoma ni kujitafutia lawama. Kapu la mboga la kila wiki linataka maji ya mwaka mzima. Asiye na kisima hana cha kupeleka mjini Septemba. Kwetu uwekeni hivi: malipo ya kidogo kidogo tangu Oktoba, mboga za mvua kuanzia Januari, nafaka na karanga kuanzia Mei.

Chukueni mfano wa hesabu. Kaya 20 za mjini zinatoa shilingi 30,000 kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Januari. Ni 600,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa miezi minne. Wakulima sita wakigawana sawa, kila mmoja anapata 400,000. Ni hela ya mbegu, palizi na madaftari ya shule. Haimtajirishi mtu, lakini inamfanya amwambie dalali "rudi baada ya mavuno tuongee," na akirudi Juni atamkuta mtu mwenye magunia, ambaye hana haraka.

Upande wa kurudisha uandikwe kwa mazao yanayojulikana. Januari hadi Aprili: mlenda, mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, kwa mafungu. Mei hadi Julai: karanga, mtama, uwele, kunde, alizeti au mafuta yake. Kwa wenye zabibu, mavuno ni mara mbili kwa mwaka, Machi na Agosti hadi Septemba, na zabibu haisubiri. Kaya 20 haziwezi kumaliza shamba la zabibu, kwa hiyo ihesabuni kama nyongeza, soko lake kubwa litafutwe kwingine.

Jihadharini na kitu kimoja hapa. Kuna biashara ya siku nyingi vijijini ya kununua mazao yakiwa bado shambani: mtu anatoa bei ya gunia moja Januari na kubeba mawili Juni. Mkikubaliana bei ya Januari, wakazi wa mjini mtakuwa mmefanya hivyo hivyo, kwa tabasamu tu. Kanuni niliyoona inafaa ni kuhesabu bei ya soko la Majengo ya siku ya kukabidhi, bila punguzo, na kupima kwa mizani. Sado na lumbesa ziachwe sokoni. Faida ya mlaji ni chakula kinachojulikana kilikotoka, unga wa mtama ambao haukukaa ghalani miaka miwili, na shamba kubaki shamba.

Na mvua ikigoma? Semeni mapema. Makubaliano ya busara ni kwamba hasara ya ukame inagawanywa: mavuno yakipungua kwa nusu, mlaji anapokea nusu, na kinachobaki hakigeuki deni linalomkimbiza mkulima kuuza shamba. Mlaji asiyekubali sharti hili aachwe kwa amani. Heri kaya 12 zinazoelewa kuliko 30 zitakazokuja kudai.

Fedha zipite kwenye akaunti au namba ya lipa ya kikundi, zisipite kwenye simu ya mtu mmoja. Watia saini watatu, na mmoja wao awe mwanamke mkulima. Kila Jumamosi ya kukabidhi mboga, karatasi ya hesabu isomwe kwa sauti palepale, kando ya mafungu, kila mtu akisikia. Nimeona vikundi vingi vyenye katiba nzuri vikifa kwa sababu ya mweka hazina asiyependa kuulizwa.

Hatua ya tano: mkataba wa msimu, na haki ya kuulizwa kwanza

Sipendi viapo vya "hatuuzi kamwe". Mtu akiugua na kuhitaji matibabu, atauza, na kiapo kitabaki kumfedhehesha. Kinachofanya kazi ni ahadi ndogo inayotekelezeka: kabla ya kumuuzia mtu wa nje, mwenye shamba atawauliza wenzake kwanza.

Kifungu chenyewe kinaweza kuandikwa hivi:

"Mimi mwenye shamba, kwa ridhaa ya mwenza wangu aliyesaini hapa chini, nikiamua kuuza au kukodisha shamba hili au sehemu yake, nitakijulisha kikundi kwa maandishi na kutaja bei niliyopewa. Kikundi kitakuwa na siku 30 za kukubali kununua au kukodi kwa bei hiyo hiyo, au kunitafutia mkopo au mkulima mwingine wa kununua. Siku hizo zikipita bila jibu, niko huru."

Kimefupishwa makusudi. Wakili akiona kinahitaji nyama, ataongeza. Ila mkulima akiweza kukisoma na kukirudia kwa maneno yake mwenyewe, kimetosha. Angalieni mambo matatu. Kwanza, ridhaa ya mwenza: uuzaji wa ardhi ya familia bila ridhaa ya mke au mume una kasoro mbele ya sheria, na kwa ardhi ya urithi ambatanisheni muhtasari wa kikao cha familia. Pili, ushuru wa stempu: mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe. Tatu, kama shamba lina hati iliyosajiliwa, wakili anaweza kuwaombea zuio kwa Msajili wa Hati, ili uhamisho usifanyike kimyakimya.

Mtu akija kweli kusema anauza, mwendeeni nyumbani. Watume mtu wa rika lake, kijana asiende kumhoji mzee. "Mbukwenyi" (salamu ya Kigogo) kwanza, habari za watoto, kisha swali moja: shida ni kiasi gani? Mara nyingi shida ni ndogo kuliko shamba. Anayedaiwa laki tatu anauza ekari nzima kwa sababu dalali hanunui robo. Kikundi kikikodi nusu ekari kwa misimu miwili na kumlipa mara moja, shida imeisha na ardhi bado yake.

Hatua ya sita: chombo cha kisheria

Msikimbilie kusajili kabla ya kupitisha msimu mmoja pamoja. Baada ya hapo, njia ni tatu. Kikundi cha kijamii kilichotambuliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii kinatosha kwa akaunti ya benki na kwa kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakazi wa mjini wenye mishahara wasijipachike humo. Chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, kinafaa kama lengo ni kuuza kwa wingi. Afisa ushirika wa halmashauri ndiye wa kuanza naye, na ukaguzi wa hesabu ni lazima.

Njia ya tatu inajulikana kidogo, nami naipa uzito: bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Makanisa, misikiti na shule hutumia njia hii kumiliki ardhi kwa niaba ya watu wengi. Kikundi kikitaka kununua ekari mbili ili zisigeuzwe viwanja na kuzikodisha kwa wakulima vijana, ardhi ikiwa kwa jina la bodi haifi na mtu wala hairithiwi na watoto wa mweka hazina. Katiba iseme wazi ardhi ni ya kulimwa, na wakulima wawe wengi kwenye bodi. Watu wa mjini wenye vyeti wakiwa wengi, miaka mitano baadaye mtakuwa mmejiundia kampuni ya viwanja.

Hatua ya saba: shamba lionekane ni shamba

Shamba lililoachwa miaka miwili, likaota miiba, linaitwa "pori" na anayelitaka. Zungushieni minyaa mipakani. Inaota kirahisi, mbuzi hawaili, na majirani wanaitambua kama mpaka tangu zamani. Pandeni miti ya kudumu michache, miembe au mizabibu. Pale mwenye shamba amezeeka au watoto wamehamia mjini, kikundi kilime kwa makubaliano ya msimu ya maandishi, ili wasije wakasema mmelivamia. Wenye bustani za umwagiliaji kandokando ya mito na mabwawa wakumbuke kikomo cha mita 60 kutoka chanzo cha maji chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na kibali cha bodi ya bonde kwa anayevuta maji kwa pampu kubwa. Kikundi kinachodai sheria ilinde mashamba yake hakiwezi kulima ndani ya korongo.

Hatua ya nane: wakija na mpango wa "kugawana viwanja"

Huu ndio mtego wa siku hizi, na si kila mara ni wa hila. Mpimaji au kampuni inakuja: tutakupimia shamba lako bure, viwanja tutagawana kwa asilimia, utapata hati. Kwa mkulima ambaye eneo lake limekwisha pangwa kuwa makazi na mchoro umeidhinishwa, inaweza kuwa njia ya kupata chochote badala ya kukosa vyote. Kwa ambaye eneo lake bado ni la kilimo, ni kuzika shamba kwa mkono wako.

Kabla ya kusaini, ombeni mchoro wenyewe na msome nani anapata viwanja vya barabarani. Asilimia 60 ya viwanja vya nyuma inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko 40 ya mbele. Ulizeni barabara na maeneo ya wazi yanakatwa kwenye fungu la nani. Na ombeni jambo ambalo wachache huliomba: kipande kimoja kikubwa kipimwe kama shamba la mjini badala ya viwanja kumi. Kanuni za mipango miji zinatambua kilimo cha mjini kama matumizi halali. Majibu ya kwanza yatakuwa "haiwezekani". Ombeni yaandikwe.

Hatua ya tisa: Serikali ikitwaa

Kuna siku barabara itapita, na hakuna kikundi kitakachoizuia. Kazi yenu siku hiyo ni kuhakikisha mtu halipwi chini ya haki yake, na kwamba hela ya fidia inanunua shamba jingine kabla haijageuka bodaboda mbili.

Mthamini anapokuja, mwenye shamba awepo mwenyewe, na kiongozi wa mtaa au kijiji awepo. Hesabuni miti na mashina ya mizabibu pamoja naye, moja moja, na muandike kwenye daftari lenu la hatua ya tatu. Msisaini fomu yenye nafasi tupu, na mbaki na nakala au picha ya kila ukurasa. Fidia halali ina zaidi ya thamani ya ardhi na mimea: kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi pale nyumba inapobomolewa, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Kwa mazao ya msimu, ulizeni kwa maandishi kama mtaruhusiwa kuvuna kwanza.

Muda una uzito. Taarifa ya uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inadumu miaka miwili. Ikipita bila malipo, uthamini unatakiwa kufanywa upya. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Tarehe hizo mbili ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani la daftari, na mtu mmoja, ikiwezekana yule rafiki wa mjini mwenye kalenda mezani, apewe kazi ya kukumbusha kwa barua.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Ardhi la Kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Mkishindwana hapo mnapewa cheti na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msianzie huko juu, mtarudishwa. Ila kwa kupinga kiwango cha fidia au utwaaji wenyewe, tafuteni wakili kabla ya kufungua chochote, au muulize msaada wa kisheria wa bure unaotolewa na mashirika na vyuo vya sheria.

Kalenda ya mwaka wa kwanza

Juni na Julai, baada ya mavuno, watu wana nafasi: andikeni daftari la mashamba na mkaone mchoro. Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Pelekeni unga, karanga na mafuta, na mwandikishe walaji palepale, kwa sababu wanaokuja huko wanatafuta chakula tayari. Septemba kaya za mjini zije shambani siku moja, zikae kivulini, zikubaliane mazao na masharti ya ukame. Oktoba malipo ya kwanza. Novemba mikataba isainiwe na kulipiwa stempu. Januari, wiki ya kwanza, kabla shule hazijafunguliwa, fungu kubwa la fedha litoke. Likichelewa mpaka wiki ya tatu, dalali amekwisha pita.